Magongo ya Kutembelea: Mzigo ni wa Mikono, si wa Makwapa

Mwaka juzi, watu walipokuwa wakitayarisha mashamba kabla ya masika, jirani yangu mmoja, mkulima hodari, aliteleza kwenye mteremko wa mtoni akavunjika muundi wa mguu wa kushoto. Akachukuliwa hospitali, mfupa ukapangwa, mguu ukafungwa plasta, na baada ya siku chache akarudi kwake. Kwa kuwa hakuwa na magongo ya kutembelea, ambayo wengine huyaita mikongojo, ndugu zake walimwazimia magongo ya binamu yake, mtu mrefu kupita wote katika ukoo wao. Jirani yangu akayapokea kwa shukrani, akajitundika juu yake kama kanzu iliyotundikwa msumarini, akazunguka nayo kila mahali kwa muda wa majuma matatu. Katika juma la nne aliamka asubuhi akashindwa kuinua kikombe cha chai. Kiganja cha mkono wa kulia kilining'inia, wala vidole havikunyooka alipoviamuru. Mguu ndio uliovunjika, lakini mkono ndio uliokufa.

Watu walisema mengi, kama ilivyo desturi. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa, wengine kwamba ugonjwa wa mguu umepanda mwilini. Lakini mganga wa zahanati alipoitazama ile hali hakusema neno juu ya uchawi. Alisema tu, "Nionyesheni magongo yake." Alipoyaona yamefika mpaka ndani ya kwapa, akajua mara moja adui ni nani.

Habari hii naiandika kwa sababu nimeona kwamba watu wengi hudhani gongo ni kitu kisichohitaji kufundishwa. Husema, "Ni mti tu, mtu huuegemea akaenda." Kweli, fimbo ni rafiki wa mwanadamu tangu zamani sana. Katika jumba la makumbusho mjini Copenhagen, nchi ya Denmark, liko jiwe la Misri ya kale, lenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, na juu yake imechorwa sura ya bawabu mmoja mwenye mguu uliokonda, naye ameshika fimbo ndefu. Lakini ukale wa kitu hauondoi haja ya maarifa. Hata jembe ni la zamani, na asiyejua kulishika hujikata vidole. Mimi ni karani, si mganga; haya niyaelezayo ndiyo wayafundishayo waganga na wauguzi hospitalini, nami nimeyapanga ili mwenye kusoma aweze kumsomea asiyesoma.

KWA NINI MKONO ULIKUFA

Ndani ya kwapa, karibu sana na ngozi, hupita mishipa mikubwa ya damu iendayo mkononi, na pamoja nayo hupita mishipa ya fahamu, yaani ile ipelekayo amri kutoka kichwani mpaka vidoleni. Mmoja wa mishipa hiyo ndio uamuruo kiganja kuinuka na vidole kunyooka. Mtu akiuweka uzito wote wa mwili wake juu ya gongo lililoingia kwapani, mishipa hiyo hubanwa katikati ya mti na mfupa, leo, na kesho, na kesho kutwa. Kwanza huja ganzi na mwasho wa vidole. Mtu hapuuzi maumivu ya mguu, lakini ganzi huipuuza, kwa kuwa haiumi. Mwisho kiganja huanguka.

Shukrani ni kwamba mshipa wa fahamu uliobanwa hivyo kwa kawaida hupona, ikiwa kubanwa kumekomeshwa mapema. Walakini kupona kwake ni kwa polepole, majuma mengi, na pengine miezi. Kwa mkulima, miezi hiyo ni msimu mzima. Basi shina la mafundisho yote ni neno moja: gongo hushikwa na mkono, na uzito wa mwili huchukuliwa na kiganja. Sehemu ya juu ya gongo kazi yake ni kubanwa kidogo kati ya mkono na mbavu ili gongo lisiyumbe. Si kiti cha kwapa.

KUPIMA MAGONGO

Magongo hupimwa kwa mwili wa mwenyewe, kama nguo. Mgonjwa na asimame wima kwa mguu mzima, amevaa kiatu atakachotembelea, naye ashikwe na mtu au ajiegemeze ukutani. Ncha za magongo ziwekwe chini mbele yake kidogo na pembeni kidogo, kiasi cha sentimeta 15 kutoka kidoleni mwa mguu. Kisha yatazamwe mambo mawili.

La kwanza, kati ya kwapa na kichwa cha gongo lazima ibaki nafasi ya kupitisha vidole viwili au vitatu vilivyolazwa, yaani kama sentimeta 5. Nafasi hiyo isipokuwapo, gongo ni refu, likatwe au lishushwe. Ikizidi mno, gongo ni fupi, na mtu atatembea ameinama kama atafutaye sindano, hata mgongo uanze kumuuma.

La pili ni mahali pa kushika. Mgonjwa aachilie mkono wake uning'inie. Mahali pa kushika pawe sawasawa na mkunjo wa kifundo cha mkono. Akishika hapo, kiwiko kitakunjika kidogo tu, na akisukuma chini kitanyooka, ndipo mwili utakapoinuka. Kama pa kushika pako juu sana, kiwiko hukunjika mno na mkono huchoka upesi, na mchovu hatimaye hujitupa kwapani. Hivyo ndivyo kosa moja huzaa la pili.

Yako pia magongo mafupi yasiyofika kwapani, yenye pete ya kuzunguka mkono chini ya kiwiko. Hayo hayawezi kubana kwapa, lakini huhitaji mikono yenye nguvu zaidi na mazoezi zaidi. Pa kushika hupimwa vivyo hivyo, kwa mkunjo wa kifundo cha mkono.

Mahali ambapo hapana magongo ya dukani, seremala anaweza kuyatengeneza kwa mti mkavu ulionyooka, mwepesi lakini mgumu. Nguzo mbili nyembamba zikutane chini kwenye ncha moja, katikati uwekwe mti wa kushika uliolainishwa, na juu uwekwe mti uliofungwa kitambaa. Kazi hii si ya aibu. Mjini Moshi, karibu na hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1981 kiko chuo kinachofundisha mafundi wa miguu ya bandia na vyombo vya kutegemeza viungo, na wanafunzi wamekitokea kutoka nchi nyingi za Afrika. Fundi wa kijijini asidhani kwamba elimu ya gongo ni ndogo.

Ncha ya gongo lazima ivikwe mpira. Mti mtupu huteleza juu ya saruji kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Mpira wa ncha ukaguliwe kila siku: ukiwa umelika hata mistari yake kutoweka, ubadilishwe, ukiwa na matope au mchanga, upanguswe kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Misumari na skrubu zikazwe. Jambo hili huchukua muda mfupi kuliko kusema salamu, nalo huokoa mfupa.

UZITO KIASI GANI MGUUNI

Kabla mgonjwa hajatoka hospitali, na aulize swali moja, wala asione haya kuliuliza mara mbili: "Je, mguu huu niukanyage au nisiukanyage?" Majibu ni ya namna tatu. Pengine ataambiwa asiukanyage kabisa. Pengine ataambiwa aukanyage kidogo, kwa kipimo. Pengine ataambiwa aukanyage kadiri awezavyo kustahimili. Jibu hutokana na mfupa uliovunjika, namna ulivyovunjika, na namna ulivyofungwa, wala jirani aliyevunjika mwaka jana hawezi kulijua.

Akiambiwa aukanyage kwa kipimo, kwa mfano kilo 20, kipimo hicho hakijulikani kwa kukisia. Aende kwenye mizani ya kusimamia ya zahanati, asimame kwa magongo na mguu mzima pembeni mwa mizani, kisha aweke mguu mgonjwa juu ya mizani na kuubonyeza polepole mpaka mshale ufike 20. Arudie mara kadhaa mpaka mguu wenyewe ukumbuke. Wengi hushangaa kuona jinsi kilo 20 zilivyo chache.

NAMNA YA KUTEMBEA

Siku za kwanza mgonjwa asitembee peke yake. Msaidizi asimame nyuma kidogo, upande wa mguu mgonjwa, akishika mshipi au kanga iliyofungwa kiunoni mwa mgonjwa. Asimshike mkono, maana ukimshika mkono umemnyang'anya gongo lake.

Asiyeruhusiwa kukanyaga hufanya hivi. Hupeleka magongo yote mawili mbele pamoja, hatua fupi. Hubana vichwa vya magongo kwenye mbavu. Husukuma pa kushika kwa viganja, akinyoosha viwiko. Kisha huleta mguu mzima mpaka usawa wa magongo. Mguu mgonjwa hubaki mbele kidogo, haugusi chini. Akishazoea ndipo aweza kuupitisha mguu mzima mbele kidogo ya magongo. Macho yatazame njia mbele, si vidole vya miguu, maana atazamaye chini huinama, na ainamaye huanguka.

Aliyeruhusiwa kukanyaga kidogo huenda kwa utaratibu wa hatua tatu: magongo kwanza, mguu mgonjwa katikati ya magongo, kisha mguu mzima. Akanyage kwa wayo wote, kisigino kikitangulia, asitembelee vidole. Mguu uliozoea kutembelea vidole hukaza nyuma ya kisigino, na kuurudisha ni kazi nyingine.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Hatua ziwe fupi, na mtu akichoka apumzike. Ni aibu gani kupumzika njiani? Aibu ni kubebwa tena kwenye machela.

Kwenye ngazi kuna kanuni ambayo kila mtoto wa shule aweza kuikariri: mzima hutangulia kupanda, mgonjwa hutangulia kushuka. Wakati wa kupanda, weka mguu mzima juu ya daraja kwanza, kisha inua magongo na mguu mgonjwa. Wakati wa kushuka, peleka magongo chini kwanza pamoja na mguu mgonjwa, kisha mguu mzima ufuate. Sababu yake ni hii: mguu mzima ndio pekee wenye nguvu ya kuuinua mwili, na ndio pekee wenye nguvu ya kuuteremsha polepole. Kama ngazi ina mhimili wa kushika, mkono mmoja ushike mhimili, na magongo yote yawe katika mkono wa pili, au msaidizi achukue lile la ziada. Kanuni hiyo hiyo hufaa kwenye kizingiti cha mlango na kwenye vilima vyetu.

Akitaka kuketi, arudi nyuma mpaka ukingo wa kiti uguse mguu mzima kwa nyuma. Hapo ndipo atoe magongo makwapani, ayashike yote kwa mkono mmoja, mkono wa pili ushike kiti, anyooshe mguu mgonjwa mbele, kisha aketi polepole. Kuinuka ni vivyo hivyo kwa kinyume. Kigoda kifupi na mkeka si marafiki wa mtu wa magongo. Apewe kiti kirefu chenye miguu minne imara, nacho kisukumwe ukutani kisikimbie.

NYUMBANI NA NJIANI

Wengi huangukia ndani ya nyumba, si barabarani. Basi wenye nyumba waondoe njiani mikeka iliyojikunja, magunia, kamba za mbuzi, na vyombo vya jikoni. Maji yaliyomwagika yafutwe papo hapo. Usiku iwepo taa au kurunzi karibu na kitanda, maana mtu aendaye chooni gizani kwa magongo hana mkono wa tatu wa kupapasia ukuta. Tena taa asiibebe mkononi. Aifunge kifuani au ashikiwe na mwingine.

Choo cha shimo ni taabu kubwa ambayo mgonjwa huona haya kuitaja, kwa hiyo naitaja mimi. Hawezi kuchuchumaa. Kiti cha mbao kilichokatwa tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo, humwondolea mgonjwa hatari na fedheha, na seremala hukimaliza kwa nusu siku. Kando yake ukichimbiwa mti wa kushika, ni vizuri zaidi.

Mguu mzima uvae kiatu kilichofunga kisigino, chenye soli isiyoteleza. Ndala huvuka mguuni wakati usiotazamiwa. Mwenye kanga au kanzu ndefu aipandishe na kuifunga ili isinase kwenye ncha ya gongo. Vitu vichukuliwe kwa mkoba wa kutundika begani au mgongoni, si kwa mkono, wala si kichwani. Ndoo ya maji haifai kabisa. Wakati wa mvua, afadhali kungoja kuliko kupita kwenye utelezi. Na mahali pa mchanga mwingi ncha huzama, kwa hiyo hatua ziwe fupi zaidi. Kupakiwa kwenye pikipiki huku magongo yamekingamishwa mapajani ni kumjaribu Mungu. Magongo yakinasa kwenye kichaka au gari lipitalo, abiria hung'olewa pamoja nayo.

Na kama, pamoja na hadhari zote, mtu anaona anaanguka, asiyang'ang'anie magongo. Ayatupe kando ili asiyaangukie, ajitahidi kuelemea upande wa mguu mzima. Akishaanguka asiinuke kwa haraka. Atulie, apumue, atazame kama mguu umepinda au unauma kuliko mwanzo, kisha ajisogeze mpaka kwenye kitu imara, au aite watu.

DALILI ZA KUTONGOJA KESHO

Mambo mengine hayataki subira. Mguu uliofungwa plasta ukizidi kuuma badala ya kupungua. Vidole vikivimba na kukaza, vikiwa baridi, vyeupe au vya buluu, au vikifa ganzi. Plasta ikitoa harufu mbaya au unyevu. Yote hayo ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Plasta iliyobana mno huzuia damu, na nyama isiyopata damu kwa saa chache hufa. Hatari hiyo hiyo imo katika banzi zilizokazwa sana na waunga mifupa wa kienyeji. Watu wamekatwa miguu ambayo kuvunjika peke yake kusingaliiondoa.

Kadhalika, nyama ya nyuma ya muundi ikivimba na kuuma, yawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Damu hiyo ikisafiri mpaka kwenye mapafu, mtu hushikwa na kichomi cha ghafula na kukosa pumzi, na aweza kufa. Ndiyo sababu wauguzi humsihi mgonjwa asilale kitandani siku zote, bali acheze vidole vya miguu na kukaza nyama za paja mara nyingi kwa siku, na apumzikapo auinue mguu juu ya mito. Na ganzi ya vidole vya mikono, kama iliyompata jirani yangu, ni dalili ya kupima magongo upya mara moja.

WAKATI WA KUYAACHA

Kuna makosa mawili, na watu wenye bidii huangukia la kwanza. Maumivu yakitulia, mtu husema, "Nimepona," akayatupa magongo na kushika jembe. Lakini maumivu hutulia kabla mfupa haujawa mgumu. Baada ya kuvunjika, damu huganda mahali pale. Kisha mwili hujenga uungo laini katika majuma mawili matatu ya kwanza. Kisha uungo huo hugeuka kuwa mfupa kidogo kidogo. Ni kama kiambaza cha udongo: nje kimekauka, ndani bado kibichi, na aegemeaye mapema hukipindisha. Muundi wa mtu mzima aghalabu huhitaji miezi mitatu au minne, na pengine zaidi. Paja huhitaji miezi mitatu mpaka sita. Watoto huungwa upesi zaidi. Sigara hukawiza mfupa kuunga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika habari hii huvunjika mara ya pili.

Kosa la pili ni la waoga: kuruhusiwa kukanyaga na kukataa. Mfupa usiobebeshwa kitu hudhoofika, na nyama za paja hukonda. Mganga akisema kanyaga, kanyaga.

Njia ya kuyaacha ni kwa daraja. Kutoka magongo mawili mtu huja kwenye gongo moja au fimbo, na hapa karibu kila mtu hukosea, kwa kuwa huishika upande wa mguu mgonjwa. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wa pili, upande wa mguu mzima. Mtu asimamapo kwa mguu mmoja, nyama za nyonga ya upande ule huvuta kwa nguvu ili kiuno kisipinde kuelekea upande ulioachwa bila nguzo. Fimbo ikiwa upande ule wa pili huwa ndiyo nguzo, na nyonga hupunguziwa kazi. Basi fimbo na mguu mgonjwa hutangulia pamoja, mguu mzima hufuata. Mtu akiweza kutembea bila kuchechemea, na mganga akiridhia, ndipo fimbo iwekwe pembeni.

NENO KWA WAKUBWA WA VIJIJI NA WALIMU

Machifu, wenyeviti wa vijiji na wazee, jambo hili li mikononi mwenu zaidi kuliko mikononi mwa hospitali. Hospitali humwona mgonjwa siku chache. Ninyi mnaishi naye miezi. Magongo ya kuazimana si mabaya, lakini yawekwe mahali pamoja panapojulikana, kama zahanati au ofisi ya kijiji, yawe ya urefu mbalimbali au ya kurefushwa na kufupishwa, wala yasitolewe kabla ya kupimwa. Walimu, mtoto mwenye magongo akaribishwe dawati lililo karibu na mlango, aachiwe atoke darasani kabla ya wenzake, na wenzake wakatazwe kuyafanya magongo mchezo. Tena mtoto hukua. Magongo yake yapimwe mara kwa mara.

Jirani yangu alikatiwa magongo mapya yaliyopimwa, akafundishwa kusukuma kwa viganja. Kiganja kilifungwa banzi ya kukiinua, na kila siku mkewe alimnyoosha vidole kimoja kimoja. Katika mwezi wa tatu aliweza kuinua kikombe, na plasta ilipofunguliwa mguu ulikuwa umeunga vizuri. Lakini masika ilikuwa imepita. Shamba lake lililimwa nusu na wanawe, na mwaka ule alinunua mahindi ambayo kwa desturi yeye ndiye huwauzia wengine.

Alipopona alifanya jambo ambalo limenisukuma kuandika. Aliyachukua yale magongo mapya akayapeleka zahanati, na juu ya mti wa kushika akachonga kwa kisu alama ya vidole vitatu. Sasa kila ayaazimaye huulizwa maana ya alama ile kabla ya kupewa. Akijibu kwamba ni nafasi ya kuachwa chini ya kwapa, huyapata. Asipojua, huketishwa kwanza akafundishwa.